Mbinu Tano Katika Dakika 80: Uchambuzi wa Kisa cha Darasa la Fizikia, Kidato cha Pili

Kisa hiki kinahusu mkondo mmoja wa Kidato cha Pili katika shule ya sekondari ya kutwa ya serikali jijini Dar es Salaam. Majina ya shule, kata, walimu na wanafunzi yameondolewa, pamoja na chochote ambacho kingewatambulisha. Vilivyobaki ni mpangilio wa vipindi, vifaa, makosa ya wanafunzi na maamuzi ya walimu, kwa kuwa humo ndimo yalimo ya kujifunza.

Usuli

Mkondo ulikuwa na wanafunzi 78 katika chumba kilichojengwa kwa ajili ya 40. Kila mwanafunzi ana kiti na meza yake. Samani zimebanana kiasi kwamba mwalimu hupita kwa ubavu, na safu ya nyuma haifikiki mpaka watu wainuke. Ukuta wa kutenganisha na darasa la jirani una matofali ya matundu juu, kwa hiyo kelele za upande huu husikika upande wa pili neno kwa neno.

Fizikia ilipangiwa vipindi vitatu kwa wiki: kipindi pacha cha dakika 80 Jumanne asubuhi, na kipindi kimoja cha dakika 40 Alhamisi, cha mwisho kabla ya kwenda nyumbani. Mada ilikuwa umeme wa mkondo. Inaanza na sakiti rahisi, inapita kwenye mpangilio wa mfululizo (balbu zikifuatana kwenye njia moja) na wa sambamba (kila balbu ikiwa na njia yake), kisha inafika kwenye kanuni ya Ohm, inayohusisha volti, mkondo na ukinzani. Maabara ipo moja kwa masomo yote ya sayansi, na muhula huo wa pili ilishikwa na Kidato cha Nne waliokuwa wakijiandaa kwa mtihani wa vitendo. Kidato cha Pili walibaki na darasa lao, ubao, na boksi la vifaa chakavu.

Kuna suala la lugha pia, na katika kisa hiki si suala la pembeni. Wanafunzi hawa walisoma shule ya msingi kwa Kiswahili na sasa wanafundishwa kwa Kiingereza. Wengi wanaweza kunakili tafsiri ya neno na kuikariri, lakini kujenga sentensi inayoeleza sababu, ya aina ya "hiki kinatokea kwa kuwa kile", bado kunawashinda. Swali la sababu likiulizwa kwa Kiingereza, darasa hunyamaza hata pale ambapo jibu linajulikana.

Mwalimu wa somo alikuwa mzoefu, mwenye vipindi 26 kwa wiki, na hakuna aliyetilia shaka kwamba analijua somo lake. Upimaji wa Kitaifa wa Kidato cha Pili ulikuwa unakuja mwezi Novemba.

Awamu ya kwanza: ubao na kunakili

Wiki tatu za mwanzo zilikwenda kwa mhadhara. Mwalimu alieleza, akachora sakiti ubaoni, akatatua mfano mmoja, kisha akaandika notisi na darasa likanakili. Kila baada ya aya moja aliuliza kama wameelewa, na darasa likaitikia kwa pamoja "Ndiyo mwalimu!"

Mwishoni mwa wiki ya tatu alitoa jaribio fupi. Maswali ya kutaja na kuchora yalijibiwa vizuri. Swali la tano lilikuwa tofauti: balbu mbili zinazofanana zimeunganishwa kwa mfululizo na betri mbili, je, ipi itawaka zaidi, na kwa nini? Wanafunzi 11 kati ya 78 ndio waliotoa jibu sahihi lenye sababu sahihi. Waliobaki, wengi waliandika kwamba ya kwanza itawaka zaidi kwa sababu umeme unaifikia kwanza na inautumia, hivyo ya pili inapata mabaki.

Dhana hiyo inajulikana sana kwa wanaofundisha umeme, na haitoki kwenye uzembe. Mtoto anaona luku nyumbani ikipungua uniti na anasikia watu wakisema umeme "umeisha". Ni jambo la akili kabisa kudhani kwamba kinachotembea kwenye waya hupungua njiani. Kinachotumika ni nishati. Mkondo wa umeme unaoingia kwenye balbu ndio huo huo unaotoka. Kueleza hivyo ubaoni mara tatu hakukuiondoa dhana ya awali, kwa kuwa hakuna wakati wowote ambapo mwanafunzi alilazimika kuisema dhana yake na kuiona ikigongana na kitu.

Awamu ya pili: kila kitu kwa mkupuo

Mwalimu wa taaluma aliketi nyuma ya darasa kipindi kimoja, kisha akashauri "mbinu shirikishi". Ushauri huo una msingi: mtaala wa sekondari wa mwaka 2005 ulilenga ujenzi wa umahiri na ulimtaka mwanafunzi awe mtendaji. Tatizo ni kwamba fomu ya ukaguzi wa ndani ilikuwa na safu ya kuorodhesha mbinu zilizotumika, na mwalimu akaielewa kama watu wengi wanavyoielewa: orodha ikiwa ndefu, kipindi ni kizuri.

Jumanne iliyofuata andalio la somo lilikuwa na mbinu tano: bunguabongo (kila mtu kutoa wazo linalomjia), majadiliano ya makundi, igizo la wanafunzi wakiwa chembe za umeme zinazozunguka kwenye sakiti, kazi ya vitendo, na uwasilishaji kwa karatasi za manila. Makundi yalikuwa sita, kila moja watu 13, kwa sababu manila zilikuwa sita.

Tuifuate saa. Bunguabongo ilichukua dakika 9 na kutoa majibu yaliyoandikwa yote ubaoni, sahihi na yasiyo sahihi, bila kuchambuliwa. Kuunda makundi kulichukua dakika 14: meza ziliburuzwa, watu walitafuta marafiki zao, na mwalimu wa jirani akaja mlangoni kuomba utulivu. Katika kila kundi watu wanne au watano waliizunguka manila; wengine hawakuweza hata kuiona. Igizo lilifanywa na wanafunzi tisa huku 69 wakitazama na kucheka, na mtoto aliyekuwa "balbu" alichukua karatasi moja kutoka kwa kila chembe iliyopita, wala hakuna aliyesema kama karatasi ile ni nishati au ni mkondo. Kazi ya vitendo ilikuwa na seti mbili za vifaa kwa makundi sita. Uwasilishaji ulifika kundi la tatu, kengele ikalia.

Madhara makubwa zaidi yalikuwa kwenye manila ya kundi la pili. Iliandikwa kwa mwandiko mzuri kwamba mkondo hupungua kila unapopita kwenye balbu. Mwasilishaji alikuwa mwanafunzi anayeaminiwa na wenzake, muda ulikuwa umebana, na mwalimu alisema "asanteni, wapigieni makofi." Darasa likanakili. Katika ukaguzi wa madaftari wiki hiyo, sentensi hiyo ilikutwa kwenye madaftari mengi, safari hii ikiwa na mamlaka ya darasa.

Mbinu ya kuwagawia wanafunzi vipande vya mada ili kila mmoja akawafundishe wenzake ilijaribiwa pia, Alhamisi ya wiki hiyo, nayo ikakwama. Mwanasaikolojia Elliot Aronson aliianzisha Austin, Texas, mwaka 1971, na inategemea kundi dogo ambamo kila mtu ana kipande ambacho wenzake hawana. Kundi likiwa na watu 13 na vipande vinne, kila kipande kinashikwa na watu watatu au wanne. Hakuna anayehitajika peke yake, kwa hiyo hakuna anayelazimika kukijua.

Kikao na maamuzi

Mwalimu wa somo, mkuu wa idara ya sayansi na mwalimu wa taaluma walikaa pamoja. Hawakuanza na swali la mbinu ipi ni bora. Walichora jedwali la ile Jumanne kwa vipande vya dakika tano, na mbele ya kila kipande wakaandika mambo mawili: mwanafunzi wa safu ya nyuma alikuwa anafanya nini, na akili yake ilitakiwa kufanya kazi gani. Safu ya pili ya jedwali hilo ndiyo iliyofichua tatizo. Zaidi ya dakika 25 kati ya 80 zilikwenda kwenye kuhama kutoka jambo moja hadi lingine, na ndani ya dakika zilizobaki wanafunzi wengi walikuwa watazamaji, sawasawa na walivyokuwa wakati wa mhadhara.

Kutokana na hapo waliamua kwamba mbinu itabadilishwa pale tu kazi ya akili inapobadilika. Kutabiri kunahitaji ukimya na kura, kupinga dhana kunahitaji jirani wa kubishana naye, na kuona kunahitaji onesho ambalo darasa zima linaliona. Kupata maelezo sahihi kunamhitaji mwalimu, na kuzoeza mkono na hesabu kunahitaji kundi dogo lenye kifaa. Igizo liliondolewa kwa sababu halikuwa na kazi yake. Kila lilichokusudia kilifanywa vizuri zaidi na balbu halisi.

Makundi yakawa ya watu wanne kwa kugeuza viti tu: safu ya mbele inageukia ya nyuma yake, meza hazisogezwi. Wanafunzi 78 wanatoa makundi 17 ya wanne na mawili ya watano. Kundi likishaundwa halibadilishwi mpaka mada iishe. Kugeuza viti kulifanyiwa mazoezi kama gwaride: mara ya kwanza dakika tatu, baada ya majaribio manne chini ya dakika moja. Dakika kumi zilizotumika kwa mazoezi hayo zilirudi zote ndani ya kipindi kimoja.

Kila kiti katika kundi kilipewa namba, 1 hadi 4. Mwalimu anapotaka jibu hutaja namba ya kundi na namba ya kiti baada ya swali kuulizwa na muda kupita, na hapokei mkono ulionyooshwa. Ule muda ni muhimu kuliko unavyoonekana. Mtafiti wa elimu Mary Budd Rowe alipopima madarasa ya sayansi nchini Marekani aligundua kwamba walimu husubiri takriban sekunde moja tu baada ya swali, na kwamba wakisubiri tatu au zaidi majibu hurefuka na wanaojibu huongezeka. Mwanafunzi anayepaswa kulihamisha wazo kutoka Kiswahili kwenda Kiingereza anahitaji zaidi ya hizo, na hapa walikubaliana kuhesabu kimoyomoyo hadi kumi.

Kuhusu lugha, uamuzi ulikuwa majadiliano yafanyike kwa Kiswahili bila kuficha, na maandishi yawe kwa Kiingereza. Kona ya kushoto ya ubao ilibaki na maneno manane ya mada na vianzio vitatu vya sentensi za sababu, visivyofutwa mpaka mada iishe. Mkuu wa idara alisita hapa, akihofia kwamba Kiswahili kitakula Kiingereza. Hoja iliyomshawishi ni kwamba mwanafunzi ambaye hana wazo hana cha kuandika kwa lugha yoyote.

Mwishoni, kila kipindi pacha kifunge kwa tiketi: robo ya karatasi ya daftari, swali moja, sentensi mbili. Tiketi 78 hazisahihishwi. Mwalimu anazisoma haraka na kuzigawa kwenye mafungu matatu: amepata, amekaribia, hajapata. Kazi hiyo huchukua kama robo saa, na fungu la tatu ndilo linaloamua kipindi kijacho kianze na nini.

Kipindi kilichopangwa upya

Jumanne ya kwanza ya mpango mpya walihudhuria wanafunzi 74. Swali la balbu mbili lilichorwa ubaoni kabla hawajaingia, likiwa na majibu matatu: ya kwanza inawaka zaidi, ya pili inawaka zaidi, zinalingana. Kila mmoja aliandika jibu lake daftarini kwanza, kisha darasa likapiga kura kwa vidole vilivyowekwa kifuani, ili jirani asione. Kura ya wazi ya kunyoosha mikono haifai. Wanafunzi humtazama anayefahamika kuwa hodari na kumfuata.

Kura zilikuwa 45 kwa ya kwanza, 6 kwa ya pili, 23 kwa zinalingana. Eric Mazur wa Chuo Kikuu cha Harvard, aliyeanza kutumia utaratibu huu mwanzoni mwa miaka ya 1990, ana kipimo chenye manufaa: waliopatia wakiwa kati ya takriban asilimia 30 na 70, waache wajadiliane, wakiwa chini ya hapo, fundisha upya, maana wa kumshawishi mwenzake hayupo wa kutosha. Hapa ilikuwa asilimia 31, kwenye ukingo kabisa. Mwalimu aliruhusu dakika nne za jozi, kwa sharti moja: mtafute mwenye jibu tofauti na lako. Kura ya pili ilitoa 34, 3 na 37.

Hakusema nani amepatia. Aliwasha sakiti mbele ya darasa. Vifaa vya onesho vilikuwa betri mbili kubwa za redio za volti 1.5 kila moja kwenye kishikio, balbu mbili za nyuzi zenye maandishi 2.5V 0.3A kwenye kola, na swichi ya klipu ya karatasi na pini mbili zilizochomekwa kwenye kipande cha boksi. Kila balbu ilipata volti 1.5, kwa hiyo ziliwaka hafifu lakini kwa kulingana, na dirisha la upande mmoja lilizibwa kwa manila ili safu ya nyuma ione. Baadhi ya wanafunzi walisisitiza kwamba ya kwanza bado imezidi kidogo. Mwalimu hakubishana nao. Alizibadilishana balbu mahali, kisha akageuza betri ili mkondo utokee upande wa pili. Mwangaza ukabaki vile vile.

Baada ya hapo alieleza kwa dakika kumi, akichora na kuandika. Ulikuwa mhadhara kamili, na darasa lilikuwa kimya kwa namna ambayo haikuonekana katika wiki tatu za mwanzo: watu 37 walikuwa wametoka kukosea kwa maandishi na walitaka kujua sababu. Mpangilio huu ndio kiini cha kisa. Maelezo yale yale, yakitolewa kabla ya kura, yalikuwa yamepita bila kushika.

Viti vikageuzwa. Seti zilikuwa kumi na makundi kumi na tisa, hivyo makundi kumi yalianza na vitendo na tisa yakaanza na hesabu. Baada ya dakika 17 yakabadilishana. Vitendo vilikuwa na hatua tatu fupi kwenye karatasi moja: unganisha kwa mfululizo, fungua balbu moja uone inayobaki, kisha unganisha kwa sambamba na ulinganishe mwangaza. Kiti namba 1 kiliunganisha, namba 2 kilisoma maelekezo, namba 3 kiliandika, namba 4 kilikagua kama maganda ya waya yamevuliwa na viunganisho vimeshika. Majukumu yalizunguka kila wiki.

Katika dakika kumi za kupokea majibu, multimita, yaani kifaa cha kupimia umeme, ilitumika mbele: mkondo ulipimwa kabla ya balbu ya kwanza, katikati, na baada ya ya pili. Wanafunzi watatu waliotajwa kwa namba walikuja kusoma. Wote walisoma ampea 0.21. Kisha tiketi, kazi ya nyumbani, na kengele.

Vifaa: palipokwama

Sehemu hii inastahili urefu, kwa sababu kipindi cha vitendo huharibika kwenye vitu vidogo kuliko kwenye falsafa ya ufundishaji.

Balbu za nyuzi zimekuwa adimu. Aliyetumwa Kariakoo kununua balbu za tochi alirudi na LED, taa ndogo zisizo na nyuzi, kwa kuwa ndizo zinazouzwa sasa. LED hupitisha mkondo upande mmoja tu, na nyeupe huhitaji takriban volti 3 ili iwake. Ukiweka mbili kwa mfululizo kwenye volti 3 hakuna inayowaka, na ukiweka moja kinyume haiwaki pia. Katika zoezi la kwanza la maandalizi, wanafunzi walihitimisha kwamba betri ni mbovu. Suluhisho lilikuwa kutafuta balbu za nyuzi kwenye maduka ya vipuri vya umeme, na kuziuliza kwa volti na ampea zake badala ya kusema "balbu ya tochi".

Balbu zilizonunuliwa mikupuo tofauti zilileta hatari ya pili. Zikiwa na maandishi tofauti kwenye kola, zitawaka tofauti hata kwa mfululizo, na mwanafunzi ataona kwa macho yake "uthibitisho" wa dhana potofu. Hilo lilitokea katika kundi moja. Kilichookoa ni ile hatua ya kuzibadilishana mahali: mwangaza uliifuata balbu, haukubaki kwenye nafasi ya kwanza. Tangu siku hiyo hatua ya kubadilishana iliandikwa kwenye karatasi ya maelekezo.

Multimita za bei nafuu zina tundu la milliampea lenye fyuzi ya 200 mA (milliampea), yaani ampea 0.2. Mkondo wa balbu hizi unazidi hapo, kwa hiyo lazima litumike tundu la 10 A. Moja iliungua fyuzi kwa kosa jingine: iliunganishwa moja kwa moja kwenye ncha za betri ikiwa kwenye kipimo cha mkondo. Shule ilikuwa na tatu; zikabaki mbili mpaka fyuzi ilipopatikana.

Kwa kanuni ya Ohm, balbu haifai kabisa. Nyuzi yake ikipata moto ukinzani huongezeka, na grafu hupinda. Walitumia rezista, vipande vya kukinza mkondo, za ohm 100, zenye mistari ya kahawia, nyeusi na kahawia, za robo wati. Betri moja inatoa takriban 15 mA, mbili 30, tatu 45, na nguvu katika betri tatu ni kama wati 0.2, kwa hiyo haiungui. Rezista ya ohm 10 ingepata volti 3 na kutoa wati 0.9, na kuunguza vidole.

Betri zilikwisha haraka kuliko ilivyopangwa kwa sababu ya shoti: waya ukiunganisha ncha mbili bila balbu, betri hupata moto na kufa. Kiti namba 4 kilipewa jukumu la kuondoa betri moja kwenye kishikio kila kundi linapoacha kupima.

Matokeo

Wiki tatu baadaye swali lenye muundo ule ule lilirudiwa, safari hii kukiwa na balbu tatu na swali la mkondo katika sehemu mbili. Wanafunzi 46 kati ya 78 walitoa jibu sahihi na sababu sahihi, kutoka 11. Sentensi zao za Kiingereza zilikuwa fupi na nyingi zilifuata vianzio vya ubaoni, lakini zilikuwa zao.

Maswali ya hesabu ya kanuni ya Ohm hayakupanda kwa kiwango hicho. Kosa lilikuwa moja, likijirudia: mwanafunzi anagawa 1.5 kwa 15 na kupata ohm 0.1, badala ya kugeuza 15 mA kuwa 0.015 A na kupata 100. Majadiliano hayakusaidia hapa, na hayakutakiwa kusaidia. Huu ni ustadi wa kuzoea, na ulihitaji mifano iliyotatuliwa hatua kwa hatua na mazoezi mengi ya peke yako.

Mada ilichelewa wiki moja kwenye azimio la kazi, yaani ratiba ya kufundisha mada. Muda huo ulirudishwa kwa kuacha kunakili notisi ndefu. Muhtasari wa nusu ukurasa ulibandikwa ukutani, na wanafunzi waliunakili nje ya kipindi.

Kundi la wanafunzi kama kumi na wawili halikunufaika sawasawa: wanaotoka mbali na kupanda daladala mbili, ambao hufika kipindi cha kwanza kikiwa kimeanza. Walikosa kura na ubishi wa jozi, wakafika kwenye maelezo. Matokeo yao yalifanana na ya darasa zima wakati wa mhadhara.

Uchambuzi

Awamu ya kwanza na ya pili zinaonekana kinyume, lakini zilikuwa na kasoro ile ile: hakuna dakika ambayo kila mwanafunzi alitakiwa kutoa kitu chake mwenyewe. Katika mhadhara ukimya ulidhaniwa kuwa uelewa, na katika makundi ya watu 13 kelele zikadhaniwa kuwa ushiriki. Mkaguzi anayetaka kujua kama darasa limeshiriki achague safu moja, ahesabu kila baada ya dakika tano ni wangapi wana kalamu, kifaa au hoja mkononi. Walimu hawa walifanya hivyo kwa safu ya nyuma, na hesabu hiyo iliwafaa kuliko fomu.

Kuutupa mhadhara kungekuwa kosa. Uliposogezwa ukaja baada ya kutabiri na kuona, na ukafupishwa hadi dakika kumi, ukawa sehemu yenye nguvu kuliko zote. Kwa darasa la watu 78, sauti moja inayoeleza vizuri ni rasilimali, na ni vibaya walimu kufanywa waione aibu.

Kura ya siri ilifanya kazi kwa sababu ilimfunga kila mtu na jibu lake kabla ya kujua la wenzake. Bila kuandika daftarini kwanza isingekuwa na maana. Wengi hubadilisha kidole mkono ukiwa njiani.

Kilichoshindwa katika mpango mpya ni kudhani kwamba muundo mmoja unafaa vipindi vyote. Alhamisi mbili za kwanza mwalimu alijaribu kuubana mzunguko mzima ndani ya dakika 40, mwishoni mwa siku. Kura na onesho vilimaliza dakika 20, vitendo vikaachwa katikati, na vifaa vikakusanywa kwa kukimbizana kengele ikilia. Ndipo balbu nne zilipopotea.

Alhamisi, na wanaochelewa

Kuanzia wiki ya tatu Alhamisi ikawa ya mazoezi. Fungu la tiketi za "hajapata" lilitoa kosa moja la kuanzia, likaandikwa ubaoni bila jina la mwenyewe. Mwalimu alitatua mfano mmoja akisema kila hatua kwa sauti, wa pili ukatatuliwa nusu na darasa likaumalizia, na wa tatu kila mtu peke yake kwa dakika nane bila kuzungumza. Hakukuwa na makundi wala vifaa. Kosa la milliampea lilianza kupungua katika vipindi hivi, hasa baada ya kuwekwa kanuni kwamba kizio kiandikwe kwenye kila mstari wa hesabu, si kwenye jibu la mwisho tu.

Kwa wanaochelewa, swali la kutabiri lilihamishiwa Alhamisi: linaandikwa dakika tatu za mwisho, kila mmoja anaondoka nalo na kurudi Jumanne na jibu lililoandikwa. Anayefika Jumanne kipindi kimeshaanza humpa daftari mwenye kiti namba 2 wa kundi lake, ambaye hulinganisha utabiri na kilichoonekana na kumweleza kwa dakika mbili kabla viti havijageuzwa. Utaratibu huu ulianza mada ya umeme ikiwa karibu kwisha, na utapimwa katika mada ya usumaku.